Barakoa Themanini na Sita Kwenye Kamba ya Bendera

Jumatatu, tarehe 3

Daftari hili nimepewa leo na binti anayetufundisha kusafisha nyumba zilizoingiwa na maji. Alisema kila mshiriki aandike kila siku amefanya kazi gani, amevaa nini usoni, na kifua kinasemaje. Wenzangu waliandika tarehe wakafunga. Mimi nilikuwa nimeshajaza nusu ukurasa kabla hajamaliza kugawa kalamu. Shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu. Mwalimu wa hesabu alikuwa anakosea sana, nami nikaona haya kumsahihisha mtu mzima kila siku.

Basi asomaye ajue anasoma habari za nani. Mimi ni mpaka rangi, mwaka wa thelathini huu, na hakuna ukuta wa maana mjini usioujua mkono wangu. Watoto wa dada yangu waliniita Mjomba, mtaa mzima ukaiga, sasa hata wazee walionizidi umri wananiita hivyo. Wengine huongeza Kipaza, kwa ajili ya sauti.

Kimbunga kilipita siku kumi na moja zilizopita. Mabati ya nyumba ya dada yaliponyanyuka, niliyashika kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeushika mlango, na kamba nimeing'ata kwa meno. Jirani yetu Fundi Bomba anatangaza kwamba alinikuta chini ya meza. Ni kweli nilikuwa chini ya meza. Nilikuwa naishikilia isiondoke.

Sasa tunalala shuleni, darasa la tatu, wanawake upande wa ubao, wanaume upande wa mlango. Shule itafunguliwa tarehe mosi ya mwezi ujao, na kabla ya hapo kila mtu awe amesafisha kwake na amehama. Nyumba ya dada maji yaliingia mpaka usawa wa kitasa. Dada ni mshonaji, mjane, ndiye aliyenilea, na mimi nakaa chumba chake cha nyuma. Ana pumu tangu utoto. Akipanda ngazi za shule husimama katikati akajifanya anafunga kiatu. Anavaa ndala.

Jumanne, tarehe 4

Siku ya pili ya mafunzo. Kila mtaa umetoa watu wawili. Wetu umetoa mimi na Fundi Bomba. Mimi kwa sababu ya sauti, yeye kwa sababu alikuwa amesimama karibu.

Binti ana sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alisema, "Kuvu haiko kama nyoka, hutaiona ikikuuma. Unaivuta mwenyewe, kidogo kidogo, na tope likikauka nalo linakuwa vumbi unalivuta pia." Nikainua mkono nikamweleza kwamba mimi nimevuta saruji, chokaa na rangi ya mafuta miaka thelathini, mapafu yangu yameshapigwa plasta, hakuna kinachopenya. Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Baada ya chai nilitoka kidogo nje na watu wa mitaa mingine kuwasimulia nilivyopaka rangi tangi la maji la mji nikiwa nimening'inia kwa mkanda wa suruali. Fundi Bomba akanifuata ili anikosoe, maana hiyo ndiyo kazi yake duniani. Hadithi ilikuwa tamu, ikarefuka. Tuliporudi ndani watu walikuwa wanapiga makofi, somo la utunzaji wa barakoa limekwisha. Na sisi tukapiga makofi. Tukatia saini.

Jumatano, tarehe 5

Nimenyoa ndevu. Binti kasema barakoa haishiki penye ndevu, hewa inapita pembeni kama mwizi anayejua mlango wa nyuma. Ndevu za miaka ishirini na mbili! Dada kaniangalia weee, kisha kasema, "Kumbe kidevu hukupewa." Amecheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, tarehe 6

Leo nimewafundisha watu arobaini wa mtaa wetu, uwanjani, bila kipaza. Mikanda miwili, mmoja juu ya masikio, mwingine chini. Bana chuma cha puani. Pumua nje kwa nguvu, usikie kama hewa inatoroka pembeni. Ukuta wenye kuvu uloweshe kwanza, usiukwangue mkavu. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba hata kama mvua inanyesha, moshi wake unaua mtu akidhani anasinzia. Yote hayo niliyasema sawasawa, hata binti alitikisa kichwa kukubali. Mengine niliongeza mwenyewe yanoge.

Mwenyekiti wa mtaa akanikabidhi boksi la barakoa na ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo. Barakoa mia na ishirini, tatu kwa kila mtu, mpaka boksi jingine lije. Daraja limekatika, kwa hiyo si leo wala kesho.

Binti anaondoka na mtumbwi wa mvuvi kabla mto haujajaa tena, anakwenda mitaa ya ng'ambo. Aliponiaga alinivuta kando. "Kwaheri, Mjomba. Dada yako asiingie kwenye nyumba yenye kuvu. Mwenye pumu akae mbali kabisa. Ikibidi sana, barakoa mpya, na muda mfupi."

Nikamwambia, "Binti, dada yangu niachie mimi."

Ijumaa, tarehe 7

Mvua. Nimehesabu barakoa mara nne. Zimetimia.

Jumamosi, tarehe 8

Tumeanza nyumba ya dada. Nimeingia nyumba nyingi mbovu, lakini hii nilikuwa nakula humo. Mstari wa tope umezunguka kuta zote sawasawa kama umepigwa kwa rula, na juu ya mstari kuvu imepanda: nyeusi sebuleni, kijani jikoni, na chumbani kwa dada ina rangi ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuichanganya. Cherehani lilikuwa limelala kifudifudi.

Nilimkataza asiingie. Nilimkataza kwa ukali. Akasema, "Nyumba ni ya nani?"

"Yako."

"Kuta nani alinunua matofali yake?"

"Wewe, dada, lakini binti kasema..."

"Binti yule hanijui. Nikikaa nje nikiwaangalia wanaume mnavyosafisha, ndipo nitakufa kweli, kwa hasira. Nipe hicho kitu."

Nikampa barakoa, nikambana chuma cha puani kwa vidole vyangu. Nilijisemea, ilimradi mimi nipo.

Jumatatu, tarehe 10

Nimepata wazo ambalo serikali nzima haijalipata.

Watu wananirudishia barakoa kila jioni, zimekuwa na rangi ya tope. Wanauliza kesho watavaa nini. Kwenye boksi, barakoa mpya zimebaki thelathini na nne. Mwenyekiti alishika kichwa. Fundi Bomba akasema, "Muulizeni Kipaza, labda atazishikilia kwa meno."

Nikaingia stoo, nikazitoa zote chafu, themanini na sita. Nimezifua kwa mikono yangu. Maji matatu, sabuni ya unga, povu mpaka kiwiko, kisha nikasuuza mpaka maji yakawa meupe. Nikazianika kwenye kamba ya bendera ya shule, kutoka mlingoti mpaka dirisha la darasa la kwanza. Jua lilikuwa limetoka dakika ile ile, utadhani nimelipigia simu. Zilipokauka nikapitisha pasi ya mkaa juu ya kitambaa, taratibu, moja moja. Dada alinionyesha namna ya kupiga pasi bila kukunja kingo.

Jumanne, tarehe 11

Leo watu wamevaa barakoa nyeupe zinazonukia kama shati la harusi. Mwenyekiti kasema mbele ya wote, "Huyu ndiye mtu. Wengine wanangoja boksi, huyu kalitengeneza." Wamenipigia makofi. Fundi Bomba alibaki anaitazama barakoa yake kama anatafuta pa kuikosoa. Nimefua nyingine.

Alhamisi, tarehe 13

Mvua asubuhi. Mchana tumemaliza sebule. Dada anakohoa kidogo. Ni tope lililokauka, kila mtu anakohoa.

Ijumaa, tarehe 14

Nimefua.

Jumamosi, tarehe 15

Fundi Bomba naye anakohoa, macho yake mekundu. Nimemwambia umri huo, mzee. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye.

Dada leo kasimama mara tatu kwenye ngazi za shule. Mara ya tatu hakujifanya anafunga kiatu.

Nilimwambia apumzike wiki hii, chumba chake nitakimaliza mwenyewe. Akasema wiki mbili zimebaki, na kwamba akiniachia mimi nitapaka rangi juu ya kuvu niseme nimesafisha. Siwezi kufanya hivyo. Nilishafanya zamani, mara mbili au tatu, kwa watu wengine.

Jumatatu, tarehe 17

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi tuliingia chumbani kwake, mimi na yeye, chumba cha mwisho. Kabati lilikuwa limevimba kwa maji, tukalisukuma. Nyuma yake kuvu ilikuwa na manyoya, nene, kama mgongo wa paka. Nikalowesha ukuta kama inavyotakiwa. Dada akaanza kukwangua chini, mimi juu. Tulikuwa tunabishana kuhusu kabati, yeye anataka libaki, mimi nasema likachomwe. Hapo ubao wa dari uliokuwa umeloa ukaachia, ukadondoka na uchafu wake wote. Chumba kikawa cheusi kwa vumbi. Mimi nikacheka nikasema kimbunga cha pili.

Vumbi lilipotulia dada alikuwa ameweka chini kikwanguo. Alikwenda akaketi kwenye chaga za kitanda, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo. Nikamuuliza, "Vipi?" Akainua kidole kimoja, maana yake ngoja. Nikangoja. Mishipa ya shingo ilikuwa inavutika kila anapovuta hewa, na kifuani kulikuwa na mluzi, mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Nikamwambia vua barakoa, akavua, ikabaki shingoni. Haikusaidia. Akakiinua tena kile kidole. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na rangi ndiyo kazi yangu, hakuna wa kunidanganya kuhusu rangi.

Nilipiga ukelele. Fundi Bomba alikuja na toroli lake, akamwaga mabomba yote barabarani, tukampakia dada. Yeye anasukuma, mimi nimeshika kichwa. Njia ile ina matope na matofali. Fundi Bomba ananiambia, "Shika kichwa chake, Mjomba, acha kusema!" Sikujua kama nilikuwa nasema. Aliniambia baadaye kwamba nilikuwa namsimulia dada habari za tangi la maji.

Hema la afya liko pembeni ya shule. Muuguzi alimvalisha kifuniko cha plastiki chenye mrija, kwenye mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, akamwambia, "Vuta mama, taratibu, toa." Nilisimama karibu na mguu wa kitanda nikawa navuta na kutoa pamoja naye. Nadhani nusu saa. Mluzi ukapungua. Rangi ikarudi midomoni kidogo kidogo, kama ukuta unavyokauka.

Ndipo binti akaingia. Daraja limewekewa mbao leo asubuhi, akavuka kwa miguu. Alimtazama dada, akamshika mkono, kisha akaiona barakoa shingoni. Akaivua. Akaigeuza ndani nje. Akainusa.

"Mjomba. Hii imefuliwa?"

"Imefuliwa?" nikasema, kana kwamba neno ni geni.

"Inanukia sabuni."

Nilikuwa na nafasi. Muuguzi alikuwa anatazama mashine yake, Fundi Bomba yuko nje anapangusa toroli. Nikajibu, "Labda kafua mwenyewe. Dada yangu anapenda usafi mno."

Binti akaikunja barakoa kiganjani. Kisha akanieleza, kwa sauti yake ile ile ya kuomba chumvi. "Ukisugua kitana kwenye nywele, kinavuta vipande vya karatasi. Umeshaona? Nyuzi za ndani ya barakoa hii zina mvuto kama huo. Vumbi la kuvu ni dogo mno, linanaswa na mvuto. Ukiipiga sabuni na maji, mvuto unakufa. Kwa macho ni barakoa. Kwa kifua ni kitambaa tu. Ningemkuta amevaa chafu ningefurahi zaidi."

Nikageuka. Dada alikuwa amefumbua macho chini ya kifuniko cha plastiki, ananiangalia. Alikuwa amesikia yote. Hakuwa na pumzi ya kunijibu.

Jumanne, tarehe 18

Mvua kutwa.

Nilikwenda stoo nikazitazama barakoa, hata zile thelathini na nne mpya nimeshazifua. Zimepangwa vizuri, kumi kumi, zimenyooka. Kesho watu arobaini wanaingia kwenye ghala la mtaa. Maji yalilifunika lote, magunia yameoza humo, wanasema mlango ukifunguliwa kuvu inaonekana hewani. Boksi jipya linavushwa Jumamosi. Kama mtu akisema neno, kazi inasimama, siku nne, na zimebaki kumi na mbili shule kufunguliwa. Kama mtu asiposema, watavaa hizi.

Niliwaza nizichome kimya kimya, niseme panya. Niliwaza niseme zimeibiwa, nikaanza hata kumtengeneza mwizi, mrefu, ana kovu. Ni mwizi mzuri. Lakini mwizi wa barakoa zilizofuliwa angeniachia sifa zangu zote, na kesho kutwa mtu angefua nyingine, kwa mfano wangu.

Nilikwenda kwa dada jioni. Ameondolewa mrija lakini anasema maneno mawili, anapumzika, mawili tena.

"Eti nilifua... mimi?"

"Dada, ulimi uliteleza."

"Ulimi wako... hautelezi. Unakimbia." Akapumzika. "Wanaingia... lini?"

"Kesho."

Akafumba macho. Nikadhani amelala, nikainuka niondoke. Akasema, "Fundi Bomba... ana watoto sita."

Jumatano, tarehe 19

Asubuhi mvua imekatika. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani, mbele ya hema la afya, majembe na makoleo begani, kila mmoja na barakoa yake nyeupe. Binti alikuwa anahesabu glavu. Mwenyekiti akasema, "Mjomba, tupe neno la kuwatia moyo watu."

Nikapanda juu ya toroli la Fundi Bomba. Nikawaambia, "Msiingie ghalani. Barakoa hizi nimeziua mimi. Kuzifua ni kuziharibu. Siku ya somo nilikuwa nje napiga soga. Dada yangu amelazwa kwa sababu yangu, na nilimsingizia yeye."

Wakacheka.

Wallahi walicheka. Mama mmoja akasema, "Haya, na mwisho wake? Uliikamata kuvu kwa meno?" Mwingine, "Nyamazeni, ngojeni, inakuja sehemu ya tangi!" Fundi Bomba akasema, "Shuka, utanivunjia toroli, na muda unakwenda." Wakaanza kufunga mikanda nyuma ya vichwa, mmoja juu, mmoja chini, kama nilivyowafundisha. Nikapaza sauti. Kadiri nilivyopaza ndivyo walivyocheka, maana ndivyo nilivyo siku zote. Nikaapa. Nikaapa tena. Kiapo changu nimekitumia sana mtaani humu, kimechakaa.

Mwenyekiti akachukua ufunguo wa ghala akaanza kutembea.

Hapo pazia la hema likafunuliwa. Dada alikuwa amesimama, amejishikiza kwenye mti wa hema, muuguzi nyuma yake anamzuia. Watu wakanyamaza wenyewe.

Akasema, "Huyu... nimemlea mimi." Akapumzika. "Tangu aanze kusema... sijamsikia akisimulia jambo... ambalo yeye ndiye mjinga." Akapumzika tena, muda mrefu, na watu arobaini wakamngojea. "Hili ni la kwanza. Basi... ni la kweli."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mikanda inavuliwa. Ni sauti ndogo, lakini zikiwa arobaini unazisikia.

Fundi Bomba akaja mpaka mbele yangu, macho mekundu. Akanirushia barakoa yake kifuani. "Siku tano nakohoa. Nikadhani uzee. Wewe ndiye uliyeniambia uzee." Nilidhani atanipiga, nikakunja uso nimpokee. Badala yake akamgeukia mwenyekiti, kashusha sauti: "Na mimi nilitoka nje siku ile. Tulikuwa wawili wa mtaa huu, wote tukatoka. Niandikeni na mimi."

Mwenyekiti alininyooshea mkono, nikampa ufunguo wa stoo. Binti alikuwa na karatasi zake. Nilingoja aseme kitu. Alisema tu, "Waliokohoa au wanaobanwa, waje kwa muuguzi mmoja mmoja. Wote, hata wanaoona aibu." Walikuja kumi na wanane.

Alhamisi, tarehe 20

Kazi imesimama. Watu wananipita kama nguzo.

Ijumaa, tarehe 21

Nimewachomea barakoa zote nyuma ya shule, nikisimama upande upepo unakotoka. Hakuna aliyenituma.

Jumamosi, tarehe 22

Boksi limefika. Binti kafundisha mtaa wote upya, kuanzia mwanzo. Nimekaa mstari wa mbele, sikunyanyua mkono. Ile sehemu niliyoikosa ni dakika kumi na tano tu. Ikichafuka, ikilowa, ikipinda, kupumua kukiwa kuzito: tupa. Usifue, usipige pasi, usianike juani, usimwazime mwenzio. Aliisema bila kunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Alipomaliza nilimwita mwalimu. Ni mara yangu ya kwanza. Nadhani hakuona tofauti.

Jumatano, tarehe 26

Ghala limekwisha. Mimi nilipewa kazi ya kubeba ndoo nje. Fundi Bomba hajanisemesha tangu siku ile, ila leo alinigusa bega, akanionyesha kwa kidole kwamba mkanda wangu wa chini umepanda juu.

Alhamisi, tarehe 27

Mwalimu alinipeleka mtaa wa ng'ambo. Nilidhani nakwenda kubeba maboksi. Kufika, akaniambia, "Mjomba, waeleze ulivyofua." Nikamuuliza nieleze vipi. "Kama ilivyokuwa."

Nikawaeleza. Ilinichukua dakika tano, hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia, na katikati niliomba maji. Hawakucheka. Nilipomaliza, mwanamke mmoja wa nyuma akasimama, akasema nyumbani kwake kuna kumi na mbili kwenye kamba sasa hivi. Akaondoka mbio.

Jumapili, tarehe 30

Tumehama shuleni. Nyumba ya dada haijakwisha. Zile siku nne ndizo zilizokula chumba chake. Familia nyingine zimerudi kwao. Yeye amehamia hema nyuma ya hema la afya, na cherehani lake lililofunikwa turubai. Hakuninung'unikia. Ingekuwa afadhali angeninung'unikia. Anasema maneno matatu matatu sasa, na muuguzi anasema kifua kinaitika, lakini asikaribie kuvu tena, na safari hii amekubali bila kubisha. Hilo limeniogopesha kuliko mluzi.

Jumanne, tarehe 2

Asubuhi nilikwenda peke yangu kumaliza chumba chake. Nikamkuta Fundi Bomba ameshafika, amevaa, ametoa kabati nje. Watu wanne wengine nyuma yake. Akasema ndani ya barakoa, "Tunamfanyia dada yako. Wewe usijitie humo."

Nikashika ndoo.

Jumamosi, tarehe 6

Kuta zimekwanguliwa, zimesuguliwa, madirisha wazi siku ya tatu. Mkono unaniwasha kupaka. Nimeuliza mwalimu, kasema ukuta ukauke mpaka ndani, wiki tatu, labda nne. Miaka thelathini katika kazi hii, na ni mara ya kwanza nimeuacha ukuta uchi ukauke kwa wakati wake.

Jumanne, tarehe 9

Leo dada amerudi kwake. Mwalimu alipita kwanza vyumba vyote, kachungulia nyuma ya milango, kanusa pembe, ndipo akasema aingie. Mimi na Fundi Bomba tulikuwa tumepanga vitu tangu alfajiri.

Alisimama mlangoni. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaanza.

"Nani kaweka cherehani dirishani jua lilipige mpaka lipauke, nyie wanaume mna akili kweli, na hiki kiti miguu juu kama kuku aliyekufa, na sufuria zangu nani kazipanga kubwa ndani ya ndogo, haiwezekani, mlifanyaje hata, na kabati langu liko wapi, msiniambie mmelichoma, mmelichoma! Kabati la mume wangu, na wewe, mdogo wangu, wewe ndiye uliyewashawishi, tangu siku ile ulitaka kulichoma, najua, usinifungulie mdomo..."

Alitoka sebuleni akaingia jikoni, akatoka jikoni akaingia chumbani, akarudi, mkono kiunoni, anaendelea. Hakusimama hata mara moja. Fundi Bomba alinong'ona, "Jitetee basi, Mjomba, mwambie kabati lilikuwa limeoza." Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi, na hilo la kabati ni la kweli kabisa.

Nikaegemea ukuta mtupu nikamsikiliza. Hakumaliza mpaka saa saba mchana.